Sukari Tunayo: Namna Wanawake Wanavyochanga Pamoja na Kuamua Nani Apewe

Mwaka ule kikundi chetu kilikuwa na wanawake kumi na wanane, na kila mmoja alitoa shilingi 20,000 kwa mwezi mbali na hisa zake, fedha ambazo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hazitarudi kwetu. Kwa mchango wa mwezi wa kwanza tulinunua sukari, unga, mafuta ya kula na miche ya sabuni, tukakodi kirikuu, tukavaa vitenge vya sare na kwenda kwenye makao ya watoto yaliyo pembezoni mwa Dar es Salaam. Mama mlezi alitupokea kwa heshima, akakubali kupiga picha nasi, kisha akamwomba mwenyekiti wetu na mimi, niliyekuwa mweka hazina, tumfuate stoo. Mifuko ya sukari ilikuwa imepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na ile ya chini ilikwisha kuganda kwa unyevu. "Dada zangu, sukari tunayo," alisema kwa sauti ya chini ili wenzetu waliokuwa nje wasisikie. Akatuonyesha mita ya umeme wa LUKU ukutani, iliyobakiwa na yuniti nne, na akatueleza kwamba mlinzi wa usiku alikuwa na miezi miwili hajalipwa mshahara.

Tulirudi nyumbani tumenyamaza. Hakuna aliyekosea kwa nia, kwa maana kila mmoja alitoa kwa moyo safi, na hesabu yetu ilikuwa imenyooka hadi shilingi ya mwisho. Kilichokosekana ni kwamba katika vikao vyote tulivyokaa, tulijadili kiasi cha kuchanga, siku ya kwenda na rangi ya vitenge, lakini hatukuwahi kukaa chini kuuliza nani apewe, apewe nini, na nani kati yetu ana haki ya kusema hivyo. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jinsi wanawake wa mahali pengine wanavyoliendesha jambo hili, na ninaamini sasa kwamba ugumu wake wote umejificha katika uamuzi. Kuchanga kwenyewe tunakujua vizuri.

Tunakujua kwa namna nyingi, na ni vyema kuzitenganisha kwa sababu zinachanganywa mno. Upatu, ambao wengine huuita mchezo na majirani zetu wa Kenya huuita merigoraundi, ni fedha yenye mwenyewe: kila anayetoa anajua zamu yake itafika, na mchezo ukivunjika kabla ya zamu hiyo, amedhulumiwa. Kikoba ni fedha ya hisa na mikopo, kwa mtindo unaofanana na ule ambao shirika la CARE liliuanzisha kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na wengi wetu tumekaa kulizunguka lile sanduku la bati lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Ndani ya kikoba kuna mfuko wa jamii, ambao humfaa mwanachama aliyefiwa, aliyelazwa au aliyejifungua. Harambee nayo hukusanya fedha kwa tukio moja, mara nyingi mbele ya mgeni rasmi, na watu wakishatawanyika hakuna kikundi kinachobaki.

Utoaji wa pamoja ninaouzungumzia hapa umechukua kitu kutoka kwa kila mojawapo ya hizo. Una wanachama wa kudumu kama kikoba, una kiasi kinachojulikana kama upatu, na fedha yake huenda kwa wengine kama ya harambee. Tofauti yake kubwa ni mbili. Kwanza, anayetoa hategemei zamu wala gawio. Pili, wanachama hawatoi tu fedha, bali huamua kwa kura kila shilingi inakwenda wapi, na sauti ya kila mmoja ina uzito uleule. Tofauti hii ya pili ndiyo inayowafanya wanawake waliowahi kuombwa michango maisha yao yote, bila kuulizwa maoni yao hata siku moja, waukubali utaratibu huu kwa haraka.

Mfano ulio rahisi zaidi kuueleza ulianza Jackson, mji mdogo wa jimbo la Michigan nchini Marekani, mwaka 2006. Mwanamke aitwaye Karen Dunigan alielezwa kwamba kituo cha afya cha hapo mjini kilikuwa na akina mama waliojifungua wasio na mahali salama pa kuwalaza watoto wao wachanga, na kwamba dola 10,000 zingetosha kununua vitanda vidogo vya kukunjwa na mahitaji mengine ya mwanzo. Hakutafuta tajiri mmoja, wala hakuandaa karamu ya kukusanya fedha, ambayo ingekula muda na sehemu ya fedha zenyewe. Alipiga hesabu kwamba wanawake mia wakitoa dola 100 kila mmoja, fedha hizo zitapatikana kwa jioni moja. Walikutana kwa saa moja, wakaondoka wamechanga dola 12,800.

Kutokana na jioni hiyo ukazaliwa utaratibu ambao makundi mengi yameuiga karibu bila kuubadilisha. Wanachama hukutana mara nne kwa mwaka, saa moja tu kila mara. Yeyote anayependa huandika kwenye karatasi jina la shirika la hisani la eneo lake, karatasi hutiwa kwenye kofia au kikapu, na majina matatu huchaguliwa bila kuangalia. Mwanachama aliyeliandika jina hupewa dakika tano kueleza shirika hilo linafanya nini na fedha zitafanya kazi gani, kisha hujibu maswali machache. Kura hupigwa, hesabu husomwa papo hapo, na kila mwanachama huandika hundi ya dola 100 kwa jina la shirika lililoshinda, awe alilipigia kura au hakulipigia. Hilo la mwisho ndilo shina la makubaliano yote, kwamba ukishindwa kwenye kura bado unatoa, kiasi kilekile, siku ileile.

Sehemu ya utaratibu huu inayonivutia zaidi ni ile isiyoonekana. Kwa kuwa kila hundi imeandikwa moja kwa moja kwa jina la shirika, fedha haipiti mikononi mwa kikundi hata kwa dakika moja. Kikundi hakihitaji akaunti ya benki, hakihitaji mkaguzi wa hesabu, na mara nyingi hakihitaji hata kusajiliwa, kwa sababu hakimiliki kitu. Risiti kwa ajili ya nafuu ya kodi hutolewa na shirika lenyewe kwa kila mwanamke. Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi chochote, akajua usingizi unavyokatika usiku ambao fedha za wenzako zimelala chumbani mwako, ataelewa mara moja wepesi wa mpango huu.

Lakini wepesi huo una gharama yake. Dakika tano humfaa msemaji hodari. Mwanamke anayejua kusimulia habari ya mtoto mmoja mpaka watu wakatokwa na machozi atamshinda mwenzake aliyekuja na habari ya mfumo wa maji taka, hata kama maji taka hayo ndiyo yanayowaua watoto kumi. Zaidi ya hapo, shirika lisilojulikana na mwanachama yeyote haliwezi kuingia kwenye kikapu, na ikiwa wanachama wote wanatoka mitaa ileile na makanisa yaleyale, kikapu kitajaa majina yaleyale. Kura ya haki inaweza kupigwa juu ya orodha isiyo ya haki, na hapo wapiga kura hawataona kasoro yoyote.

Miaka mitano kabla ya Jackson, mwaka 2001, Wendy Steele alianzisha Cincinnati, jimboni Ohio, utaratibu mwingine uitwao Impact 100, ambao umejengwa kwa namna ya kuzuia kasoro hizo. Hapa kila mwanamke hutoa dola 1,000 kwa mwaka, na wakifika mia moja au zaidi, ruzuku hutolewa ikiwa nzima badala ya kumegwamegwa. Mwaka wa kwanza walikuwa 123, na ruzuku ya dola 123,000 ilikwenda mwaka 2002 kwa kliniki ya meno ya McMicken, iliyokuwa ikiwatibu watu wasio na makazi na wasio na bima. Meno ni mfano mzuri wa jambo linalosahaulika: halina picha ya kuvutia, wafadhili wakubwa hulipita, na bado mtu mwenye jino bovu hawezi kula, hawezi kulala, na akitabasamu kwenye usaili wa kazi kila mmoja anaona hali yake.

Katika utaratibu wa Cincinnati, mashirika yenyewe ndiyo huomba, kwa maandishi, katika nyanja tano: sanaa na utamaduni, elimu, mazingira, familia, na afya. Kamati za wanachama husoma maombi, nyingine hukagua hesabu za fedha, na wanachama huenda kuona kazi kwa macho yao kabla ya kuchagua watakaofika fainali. Kwenye mkutano mkuu kila shirika lililofika hapo hujieleza, na ndipo wanachama wote hupiga kura, sauti moja kwa kila mwanamke. Mwanachama asiye na nafasi ya kukaa kwenye kamati anabaki na kura yake kamili, lakini wale wanaokaa hujifunza mji wao kwa kina ambacho hawakukitarajia. Utaratibu huu umesambaa, na Pensacola, jimboni Florida, wanachama wamewahi kuvuka 1,000, wakaweza kutoa ruzuku kumi au zaidi kwa mwaka mmoja.

Je, kasoro zimekwisha? Hapana, zimehama. Dola 1,000 ni fedha nyingi, na mwanamke anayelipwa kwa saa hawezi kuzitoa kwa mkupuo, kwa hiyo baadhi ya makundi huruhusu wanawake wawili au watatu washirikiane kiti kimoja na kura moja. Ruzuku kubwa nayo inaweza kulilemea shirika dogo, kwani shirika lililozoea kuishi kwa dola 60,000 kwa mwaka likipewa 100,000 kwa siku moja litaajiri watu ambao mwaka unaofuata halitaweza kuwalipa. Ndiyo maana yapo makundi yanayoweka kima cha chini cha bajeti kwa waombaji, na kwa kufanya hivyo huwafungia nje wale wadogo kabisa ambao pengine ndio walio karibu zaidi na wenye shida. Tena kuna kazi ya wale wanaoshindwa: shirika lililotumia wiki tatu kuandika maombi na siku nzima kuwapokea wageni, likatoka mikono mitupu, limelipia utaratibu huo kwa muda wa watu wake. Makundi yenye busara huwapa waliofika fainali kiasi fulani, hata kiwe kidogo, kwa sababu wameshafanya kazi.

Kwa kuwa mifano hii miwili ni ya wanawake wenye nafasi, msomaji anaweza kudhani utoaji wa pamoja ni jambo la waliojaliwa. Historia ya Marekani kwenyewe inakanusha dhana hiyo. Tarehe 5 Desemba 1955, watu weusi wa Montgomery, Alabama, waligoma kupanda mabasi yaliyowabagua, na mgomo huo ulidumu siku 381. Kwa muda wote huo watu walihitaji kufika kazini, na magari ya kujitolea yaliyowabeba yalihitaji mafuta, bima na matengenezo. Mpishi na mkunga aitwaye Georgia Gilmore aliwakusanya wanawake wenzake, wengi wao watumishi wa ndani, wakapika kuku wa kukaanga, sandwichi na keki na kuziuza kwenye saluni, kwenye vituo vya teksi na milangoni mwa nyumba, na fedha zote wakazipeleka kwenye mikutano ya mgomo. Walijiita Club from Nowhere, yaani klabu isiyo na mahali inakotoka, ili akiulizwa yeyote fedha zimetoka wapi, asiwe na jina la kutaja, kwa kuwa mwanamke aliyejulikana angefukuzwa kazi. Gilmore mwenyewe alifukuzwa mwaka 1956, baada ya kutoa ushahidi mahakamani katika kesi ya Martin Luther King.

Nimekaa juu ya habari hii kwa sababu inabadilisha namna ya kuhesabu. Kwa mwanamke anayefua nguo za watu, senti chache za keki zilikuwa sehemu kubwa ya alichonacho kuliko dola 1,000 za mwanamke wa Cincinnati. Utaratibu wa kiasi sawa kwa wote una haki ya aina yake, kwani hakuna anayenunua sauti kubwa zaidi, lakini pia unaweza kumfukuza yule ambaye mchango wake ndio mzito zaidi mbele ya Mungu. Baadhi ya makundi yameamua kwamba kila mwanamke atoe anachoweza, kiasi kiandikwe na mweka hazina peke yake, na kura ibaki moja kwa kila mmoja. Huo ndio utaratibu ninaoupenda, ingawa unamtaka mweka hazina awe na kifua cha kutunza siri.

Ukubwa wa jambo hili kwa sasa si mdogo. Ripoti iliyotolewa Marekani mwaka 2024 ilikadiria kwamba, kati ya mwaka 2017 na 2023, karibu makundi 4,000 ya utoaji wa pamoja, yenye watu wapatao 370,000, yalitoa zaidi ya dola bilioni 3.1, na wanawake ndio walio wengi katika makundi hayo. Ni watu wanaokutana sebuleni, kwenye kumbi za makanisa na kwenye maktaba za mitaa.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, swali la kwanza ambalo wanawake huniuliza ni la kisheria: tukianza kutoa nje ya kikundi, tumegeuka shirika? Kwa Tanzania, kikundi cha kuweka na kukopa kinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, katika daraja la nne, na mashirika yasiyo ya kiserikali yana sheria yao ya mwaka 2002. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kwa mashirika makubwa ipo Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 baada ya kusubiri zaidi ya miaka kumi. Kikundi ambacho wanachama wake wanachanga wenyewe kwa wenyewe na kumpa mwingine aliyesajiliwa kiko mahali tofauti na kile kinachopita mitaani kikiomba fedha za umma kwa jina la yatima. Ni vyema katiba ya kikundi iandikwe kwa namna inayoonyesha wazi kwamba mfuko wa kutoa ni tofauti na mfuko wa hisa, wenye daftari lake, ili siku mwanachama mmoja akishindwa kulipa mkopo wake, fedha za watoto zisiguswe kuziba pengo.

Somo la Jackson, kwamba fedha isilale kwa mtu, linatekelezeka kwetu kwa urahisi kuliko hata kule, kwa sababu simu zetu zilikwisha kufanya kazi ya hundi tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Wanawake kumi na wanane wanaweza kukaa, kupiga kura, na kila mmoja akatuma mchango wake kwa namba ya malipo ya shirika lililoshinda kabla chai haijapoa. Kwa wanaopendelea kukusanya kwanza, ipo mifumo ya vikundi, kama M-Koba iliyoanza Tanzania mwaka 2019, ambayo humwonyesha kila mwanachama salio. Ujumbe wa simu umemaliza ugomvi mwingi ambao zamani ulitatuliwa kwa viapo.

Kuna jambo jingine ambalo utaratibu wa Marekani hauligusi na kwetu haliepukiki. Mwanachama Mwislamu anayetaka mchango wake uhesabike kuwa zaka hana uhuru wa kuupeleka popote, kwa sababu mafungu manane ya wanaostahiki yametajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na mshahara wa mwalimu wa ngoma au ukarabati wa ukuta unaweza usiwemo. Sadaka ina uwanja mpana zaidi. Mkristo anayeihesabu fedha hiyo ndani ya fungu la kumi naye ana maswali yake kwa mchungaji wake. Kikundi chenye dini zote mbili, kama kilivyokuwa chetu, hufanya vizuri kutamka tangu siku ya kwanza kwamba mfuko huu ni wa sadaka, na kwamba kila mtu atekeleze faradhi zake pembeni. Tulichelewa kulisema hilo, na mmoja wetu alitoa kwa mwaka mzima akidhani ametoa zaka.

Baada ya sheria na dini hubaki swali la sukari. Kwa nini vikundi vingi vya wanawake, vikichanga kwa uaminifu mkubwa, huishia kupeleka vitu vilevile? Kwa sehemu ni kwa sababu vitu huonekana. Gunia linaweza kushikwa mkono wa kulia na mwenyekiti na mkono wa kushoto na mama mlezi, na picha ikatumwa kwa wanachama waliokosa kufika, lakini yuniti za umeme hazipigiki picha. Sehemu nyingine ni hofu, kwani tumeambiwa kwamba fedha taslimu huliwa na sukari hailiwi na mkubwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kulipa ankara yenyewe, kuomba daftari la mishahara, kurudi baada ya miezi mitatu na kuuliza. Na sehemu ya tatu ni kalenda: Ramadhani, Krismasi na Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, vikundi vyote hufika kwa wiki moja, na mwezi wa tano hakuna anayebisha hodi.

Makao ya watoto yenyewe yanahitaji swali gumu zaidi, na nitalisema bila kuzunguka. Wengi wa watoto wanaoishi kwenye makao duniani wana mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au shangazi, na kilichowafikisha pale ni umaskini. Kenya iliweka mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka kwenye makao hadi kwenye malezi ya familia, na Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inataka kila makao yawe na leseni. Mchango wetu unapoyafanya makao yawe imara, wakati nyanya wa mtoto huyohuyo kijijini hana wa kumpa hata madaftari, tunaweza bila kujua kuwa tunalipia utengano. Simaanishi kwamba tuwanyime chakula watoto walio pale leo. Namaanisha kwamba kikundi kinachopiga kura kinapaswa kumuuliza anayeomba: watoto wangapi mwaka huu wamerudi kwao, na ni nini kilichowazuia wengine?

Kuhusu kura zenyewe, uzoefu wetu mdogo umenifundisha mambo mawili. Mwanachama mwenye ndugu, mwajiri au rafiki wa karibu katika shirika linaloombewa aseme hivyo mbele ya wote na asipige kura siku hiyo, tena iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kwa sababu minong'ono ya baadaye huua kikundi haraka kuliko wizi. Na kura iwe ya siri. Katika utamaduni wetu wa kuheshimiana, Bi Mkubwa akinyoosha mkono, mikono ya wengine humfuata, na hapo mmechagua alichokitaka mtu mmoja kwa jina la wote. Sisi tulitumia punje za mahindi na maharage ndani ya mtungi wa udongo: mahindi kwa pendekezo la kwanza, maharage kwa la pili.

Baada ya ile ziara ya sukari tulikaa miezi minne tukilimbikiza, mpaka zikafika shilingi 1,440,000. Mapendekezo yalikuwa mawili, kununua magodoro mapya kwa makao yale, au kulipa mlinzi wa usiku shilingi 180,000 kwa mwezi kwa miezi sita pamoja na umeme wa 60,000 kila mwezi. Mtungi ulipomwagwa juu ya mkeka, maharage yalikuwa kumi na moja na mahindi saba. Mlinzi akapata mshahara wake. Mmoja wa wale saba, ambaye alikuwa ameyashabikia magodoro kwa nguvu zote, ndiye aliyejitolea kununua LUKU kila mwezi na kutuma tarakimu ishirini za tokeni kwa mama mlezi, na kwa miezi yote sita hakuchelewa hata siku moja.

Mwaka wa pili mama mlezi aliombwa aje kikaoni mwenyewe, na tulimuuliza lile swali kuhusu watoto waliorudi kwao. Alifikiri kidogo, akasema kuna ndugu wawili, kaka na dada, ambao bibi yao amepatikana Singida na afisa ustawi wa jamii ameridhika na nyumba, lakini hakuna nauli, na bibi hana kitanda cha pili. Aliomba nauli ya watu wanne kwenda na ya wawili kurudi, kitanda kimoja, sare mbili za shule, na fedha kidogo ili afisa arudi kuwatazama baada ya muhula. Hakuomba kitu kingine. Safari hiyo mtungi ulipomwagwa, mkeka mzima ulikuwa wa rangi moja, na wiki mbili baadaye alinipigia simu akiwa stendi alfajiri, sauti za wapiga debe nyuma yake, kuniambia kwamba watoto wamekwisha kupanda na mdogo amekaa dirishani.